Chumba cha Trei za Mayai

6 Februari

Kaka Redio,

Barua yako nimeipata, na matusi yaliyomo nimeyapokea kwa mikono miwili. Mimi mzima, hofu yangu ni kwako na kunguni wa bweni lenu. Unasema shuleni kwenu simu ni mwiko na televisheni imefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa hiyo niwe macho yako. Sawa, nitakuandikia filamu ninazoziona. Ila usicheke. Unanijua: kwa mdomo siwezi, hata kuitika jina darasani najikwaa. Kalamu angalau hainikodolei macho.

Filamu huku haziishi. Tangu Mama afariki nikahamia kwa Dada, nalala na filamu, naamka na filamu. Shemeji si ndiye Sauti Saba mwenyewe! Anachukua filamu za nje anaziingizia Kiswahili: babu, mtoto, jambazi, mbwa wa jambazi, wote ni yeye. Sauti za wanawake ni za Dada. Wanarekodi kwenye kile chumba cha nyuma, ukuta wote umebandikwa trei tupu za mayai ili sauti isigonge ikarudi. (Hazizuii kutoka nje, asikudanganye mtu. Majirani wanasikia kila kitu.) Halafu Jumamosi filamu inaonyeshwa ukumbini, ambao tumepakana nao ukuta kwa ukuta, na Dada anakaa mlangoni kuuza tiketi.

Mimi, kwa kuwa nimesoma lugha mbili, navaa hedifoni na kumnong'oneza Shemeji maana. Nikimwambia, "Anasema ondoka," yeye anasema, "Toka hapa kabla sijakukunja kama shati la mtumba!" Watu wanalipa kwa hayo ya shati. Hakuna anayelipia ya kwangu.

Sasa hukumu. Ile ya dereva wa treni anayelipiza kisasi: ngumi nne kati ya tano. Damu nyingi, maneno machache, na treni yenyewe inaigiza vizuri kuliko watu. Ile ya mapacha wenye visu: ngumi mbili. Kuna jambazi mwenye kovu, anachinjwa mwanzoni, halafu mwishoni namwona tena anachinjwa upya! Nikamwonyesha Shemeji. Akamwekea maneno: "Nimerudi, kuzimu kumejaa." Ukumbi ulicheka hadi benchi likavunjika. Huwezi kumchukia mtu anapokuchekesha hivyo. Ile ya mapenzi: ngumi moja, na hiyo nampa paka.

Majibu tuma kwa sanduku la shule yangu. Lile la ukumbini ufunguo anao Shemeji, na ana tabia ya kufungua bahasha za watu.

Dada anakusalimia. Ana mafua, sauti haitoki vizuri.

Mdogo wako,
Kimya

*

17 Februari

Kwa Bi Kimya, Mkurugenzi wa Ngumi,

Kimya kingi kina mshindo mkuu! Barua yako imenipandisha cheo. Baada ya chakula cha jioni nasimama juu ya kitanda cha chuma nasimulia, na wanaume wazima wa kidato cha nne wananipisha njia kwenda bafuni. Jambazi aliyekufa mara mbili amekuwa salamu hapa. Ukimuuliza mtu habari za hesabu anakujibu, "Nimerudi, kuzimu kumejaa."

Na sisi tumeonyeshwa filamu, usidhani tumelala. Mwalimu wa kilimo alitoa televisheni ofisini kwa heshima zote, tukajipanga, tukanyamaza. Ilikuwa filamu ya mmomonyoko wa udongo. Saa nzima udongo unaondoka. Hakuna aliyekufa, hata mdudu. Nimeipa ukucha, ngumi ni nyingi.

Kwa hiyo nakuomba, leta damu. Na mwambie Dada aache mafua, maana likizo ile nilipokuja kwenu nilimsikia akirekodi ile ya mjane aliyetekwa. Nilikuwa nimelala sebuleni, nikaruka kama samaki. Mwanamke analia yule! Fundi viatu wenu naye alikuwa nje ya ukuta na nyundo mkononi, ameacha kazi, anasikiliza tu. Tulipigana viganja vya pongezi. Huyo ni msanii. Shemeji ana bahati.

Mama yangu, yaani Mama Mkubwa wako, anauliza kama unakula. Najibu kwa niaba yako: anakula, lakini kimyakimya.

Wako mwenye mdomo,
Redio

*

5 Machi

Kaka Redio,

Nilisoma barua yako nikacheka, halafu nikaisoma tena sikucheka. Nitakuambia kwa nini siku nyingine.

Dada haingizi sauti tena kwa sasa. Shemeji amemsimamisha. Watu walikuwa wakitoka ukumbini wanamsifu Dada kabla yake, kinyozi wa jirani akamwambia Dada, "Bila wewe, mama, huyu ni redio mbovu tu." Alitania. Shemeji alicheka pia, kwa ile sauti yake ya mfalme. Tangu siku hiyo wanawake wote kwenye filamu anawaingiza yeye, na wote wanalia kama mbuzi. Dada amejigonga kwenye mlango, jicho limevimba, kwa hiyo hata tiketi anauza akiwa amejitanda khanga hadi puani.

Nimeona tatu. Ya kwanza ni ya mwanajeshi msituni, ngumi mbili. Anapigwa kofi linalosikika kama bunduki, anaanguka, anaamka, nywele ziko vilevile. Uongo. Kofi la kweli halina mlio huo. Na mtu aliyepigwa haangalii aliyempiga. Anaangalia kitu kidogo kilicho karibu, kifungo au kijiko. Ya pili ni ya polisi wawili, ngumi tatu, kwa sababu mmoja wao anaogopa na wamemwacha aogope.

Ya tatu haina jina. Inaanza mchana, watu wamemaliza kula. Mwanamume ana duka. Anamwambia mke wake amecheka na wateja. Mke anasema hakucheka. Anamwambia acheke sasa, aone alichekaje. Mke anacheka kidogo. "Sio hivyo, cheka kama jana." Anacheka tena. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu hakuna muziki, na kwenye filamu nyingine muziki unakuonya. Anachomoa waya ukutani, anaukunja. Mlio wake ni mdogo, kama nguo mbichi inayotupwa kwenye sementi. Mke hapigi kelele. Anasema tu, "Sio usoni. Tafadhali, sio usoni." Halafu anapiga kelele. Kuna mdogo wake, msichana, amesimama mlangoni ameshika sufuria ya maji. Hasemi kitu. Hata sufuria haidondoki. Filamu nzima anasimama vile. Majirani wanasikia, na mmoja anasema, "Leo kazi imekolea."

Hiyo sijui niipe ngumi ngapi. Niambie wewe.

Kimya

*

19 Machi

Kimya wangu,

Umekuwa mtaalamu! Habari ya kifungo na kijiko umeitoa wapi? Nimeisema bwenini kama yangu, nisamehe.

Lakini ya tatu, mama yangu weee! Bweni lilinyamaza hadi kiranja akaja kuangalia kama tumekufa. Halafu wakabishana mpaka mmoja akatishia kumpiga mwenzake ndala. Kwa kuwa umeniomba hukumu, hii hapa. Mume: ngumi tano. Mbaya kwelikweli, ameigiza vizuri. Mke: nne. Hapo pa kuambiwa acheke palinisimamisha nywele. Majirani: moja. Hao mwandishi alichoka. Nani atasikia binadamu analia hivyo aseme kazi imekolea? Haiwezekani.

Aliyeniudhi ni yule mdogo mtu. Anasimama kama ndoo! Maji yalikuwa ya moto au ya baridi? Kama ya moto, si angemmwagia? Na kama hana nguvu, si ana mdomo? Apige yowe, akimbie barabarani, aseme na mtu! Mhusika asiyesema neno filamu nzima kazi yake ni nini? Sifuri. Bweni zima limekubali, sifuri.

Mwisho wake ukoje? Umeishia njiani, watu wananidai.

Redio

*

28 Machi

Redio,

Maji yalikuwa ya baridi.

Duka niliweka mimi. Hakuna duka. Ni chumba cha trei za mayai, waya ni wa hedifoni ninayovaa mimi, na Dada hajawahi kujigonga kwenye mlango wowote. Majirani si uongo wa mwandishi. Wamemsikia Dada akilia kwenye filamu miaka yote, kwa hiyo akilia wanadhani yuko kazini. Fundi viatu alinisimamisha nikienda shule, akaniambia, "Hongera kwa dada yako, jana amejipita." Hata ule mlio uliokurusha sebuleni likizo ile, nilikuwa nyumbani siku hiyo. Hapakuwa na mjane. Kompyuta ya kurekodia ilikuwa imezimwa.

Nilishindwa kusema, nikaandika kama filamu. Nilidhani utajua.

Ile sifuri ni sawa. Mimi ndiye mwenye sufuria.

Usimwambie mtu kabla sijafikiri. Dada anasema mambo ya ndani hayaanikwi, na Shemeji amesema siku nikifungua mdomo nitampoteza dada yangu.

Kimya

*

11 Aprili

Shemeji yangu mdogo,

Nimepokea barua yako iliyokuja kwa sanduku la ukumbi. Nimefurahi sana. Umeniandikia kama mwanamume kwa mwanamume, kwa heshima, ukaniuliza bila kunihukumu. Vijana wa siku hizi wachache wana malezi hayo.

Sasa nikutoe wasiwasi. Mdogo wetu ni mtoto mzuri lakini ana fikra nyingi. Tangu mama yao aondoke haongei, na mtu asiyeongea kichwa hujaa. Mchana kutwa yuko na hedifoni, watu wanachinjana masikioni mwake. Kosa ni langu, nimemfanyisha kazi isiyo ya umri wake. Filamu zimemwingia. Juzi aliniambia amemwona mtu aliyekufa mara mbili! Tulicheka sana.

Mimi na dada yako tunagombana kama meno na ulimi, na nyumba gani haina hayo? Yeye yuko salama, anakusalimia. Soma kwa bidii. Mama Mkubwa usimpe presha bure, umri wake unajulikana.

Nimekuwekea hela kidogo ya sabuni humo ndani.

Shemeji wako,
Sauti Saba

*

13 Aprili

Kimya,

Usikasirike. Nilikaa na barua yako siku nzima mfukoni, nikafanya walivyofanya wakubwa kwetu siku zote: mtu akisemwa, anaulizwa kwanza mwenyewe, kabla neno halijapelekwa kwa wazee. Nimemwandikia Shemeji. Kwa adabu. Amenijibu vizuri, kwa upole kabisa, nimesikia hadi sauti yake. Anasema filamu zimekuingia.

Sisemi wewe mwongo. Nasema labda umechoka? Ulinidanganya duka, sasa nitajuaje lipi la kweli? Niandikie neno moja tu, nami nitaliamini.

Redio

*

22 Aprili

Redio,

Unataka neno moja. Mkono.

Shemeji alirudi mchana na ile barua uliyomwandikia, akatukalisha kwenye kile chumba. Aliisoma kwa sauti zake zote. Wewe alikusoma kwa sauti ya kitoto. Mimi, pale uliponinukuu, alinisoma kwa sauti ya paka. Na bado, Mungu anisamehe, kuna mahali kicheko kilitaka kunitoka. Ndivyo alivyo. Alipomaliza aliikunja vizuri, akaitia mfukoni, akaanza.

Dada alijaribu kutoka. Mlango wa chumba ni mzito, amebandika trei mpaka mlangoni. Mkono wa kushoto wa Dada ulikuwa umeshika fremu. Shemeji aliufunga mlango. Aliufungua, akaufunga tena. Mara ya pili nilisikia mlio ambao nimewahi kuutafuta kwenye filamu nyingi na hawaupatii. Dada alilia mpaka sauti ikapasuka. Nilipiga yowe na mimi, Redio, usiseme sikupiga. Lilitoka dogo kama la kifaranga. Akanigeukia akanikaba shingo dhidi ya trei, akaniambia kwa upole, "Hiyo ndiyo sauti yako? Na hiyo ndiyo uliyomwandikia?"

Nilipotoka kuchota maji, fundi viatu alinyanyua kichwa. Aliniuliza, "Ule mlio wa mfupa mmeupataje? Mmevunja muwa?"

Nilitabasamu. Uso wenyewe ulitabasamu, mimi sikuutuma.

Dada hajapelekwa hospitali. Nimemfunga mkono kwa kipande cha ubao na vitambaa vya khanga. Yuko ndani ya kile chumba, kufuli nje, ufunguo mfukoni mwa Shemeji. Watu wameambiwa amekwenda msibani. Na kwa kuwa wateja wamechoka na mbuzi, Jumamosi ya mwanzo wa mwezi tunaonyesha bila kurekodi: yeye na kipaza sauti chake, mimi na changu, mbele ya watu wote. Nitaingiza sauti za wanawake. Mimi. Anasema nikikosea, Dada atalipa.

Kimya

*

29 Aprili

Kimya, Kimya,

Nimemwamkia mwalimu wa zamu kwa magoti. Mbele ya watu. Amenipa simu yake, nimemwambia Mama yote, na ile barua ya Shemeji nimemsomea. Nilimsikia akifunga mkoba. Anakuja.

Hela ya sabuni nimeitupa chooni. Sifuri ile ni yangu. Niliwapa majirani moja, na mimi nilikuwa jirani wa kwanza. Nilipiga viganja.

Ukiipata hii kabla ya Jumamosi usifanye lolote. Nyamaza, mngoje Mama.

Redio

*

7 Mei

Kaka Redio,

Barua yako imenifikia leo. Jumamosi ilishapita.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Shemeji alivaa shati jeupe. Mbele kulikuwa na meza moja, vipaza sauti viwili, na sisi tumewageukia watu nusu, pazia la filamu nusu. Magoti yangu yalikuwa yanagonga meza mpaka kinyozi akapaza sauti, "Huyo binti ameleta ngoma?" Wakacheka. Shemeji akawaambia kwa sauti ya babu, "Mwacheni, ndiyo kwanza yai linapasuka."

Filamu ilikuwa ya mfanyabiashara wa silaha, ngumi mbili tu, naweza kukuambia sasa. Mwanzo nilikwenda vizuri. Mwanamke akisema kwaheri nasema kwaheri. Kisha ikafika sehemu ambayo mume anamsukuma mkewe ngazini na kumfuata na mkanda. Shemeji alikuwa amenifundisha hapo: lia, omba, lia zaidi. Mkanda ukashuka. Shemeji akanguruma. Mimi nikanyamaza.

Mkanda ukashuka tena. Mwanamke amefumbua mdomo kwenye pazia na hakuna kinachotoka. Watu wakaanza, "Lia basi!" "Binti, kazi!" "Rudisheni hela!" Shemeji akanikanyaga mguu chini ya meza. Niliwaangalia wale watu, Redio, na nikaona wote wananitazama, jambo ninaloliogopa kuliko yote. Nikaona kumbe halinichubui.

Nikasema kwenye kipaza sauti, taratibu, kama ninavyomnong'oneza Shemeji tafsiri: "Halii kwa sababu alishalia mkasikia. Mkasema kazi imekolea. Fundi viatu, ule haukuwa muwa. Ni mkono wa dada yangu wa kushoto. Hajaenda msibani. Yuko nyuma ya ukuta huu, kwenye chumba cha trei za mayai, na ufunguo uko kwenye shati hilo jeupe."

Shemeji akacheka kwa sauti ya mfalme. Akasema kwenye chake, "Filamu zimemwingia huyu mtoto." Na wengine walicheka naye! Hapo nilidhani nimekwisha. Lakini fundi viatu hakucheka. Alisimama kule nyuma, akasema, "Zimeni hiyo filamu." Mwenye ukumbi akazima. Ukawa utulivu ambao sijawahi kuusikia mahali penye watu wengi hivyo. Na kwenye ule utulivu, ukutani, kulikuwa na mtu anagonga kwa kiganja. Pole pole. Alikuwa amesikia kila kitu. Si nilikuambia trei hazizuii.

Fundi viatu aliuchukua ufunguo mwenyewe, na shati likabaki mkononi mwake. Akaenda kufungua, na waliobaki wakamwangukia Shemeji. Kinyozi alikuwa na benchi, lilelile lililovunjika siku ya jambazi. Nilimwona Shemeji akijaribu kusema kitu kwa sauti moja, halafu nyingine, halafu nyingine, kila sauti inakatwa katikati. Damu ilikwenda hadi kwenye pazia. Meno mawili niliyaona sakafuni, na mtu akayakanyaga bila kujua. Niliota siku hii mara nyingi, na ndotoni nilikuwa nampa ngumi tano. Mlio wake ulikuwa uleule wa nguo mbichi. Sikuupenda. Nilitaka kusema waache, na sauti yangu ikawa imekwisha, nilikuwa nimeitumia yote.

Dada ndiye aliyeingia. Alipita katikati ya watu na mkono wake wa ubao, jicho moja wazi, akakishika kipaza sauti changu. "Basi." Hawakuacha, nadhani waliijua sana ile sauti, walidhani ni filamu bado. Akasema tena, mmoja mmoja: "Kinyozi, weka benchi chini. Wewe wa tiketi ya bure, ondoa mguu kichwani mwake. Basi. Mtaniulia mtu nilale na maiti yake kichwani maisha yangu yote? Basi."

Wakaacha.

Mama Mkubwa alishuka kwenye basi Jumapili asubuhi, baada ya siku tatu njiani, akakuta tumekaa nje ya wodi. Dada amefungwa plasta, waliuvunja upya ili uunge sawa. Shemeji yuko wodi ya pili, askari mlangoni kwake. Fundi viatu alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali tangu usiku, ameshika nyundo yake. Mama Mkubwa alimuuliza wewe ni nani. Akasema, "Mimi jirani," akaanza kulia.

Sina filamu mpya.

Kimya

*

2 Julai

Mdogo wangu Redio,

Naandika mwenyewe, mkono wa kulia uko salama. Wa kushoto umetoka kwenye plasta mwembamba kama wa mtu mwingine. Mahakamani nimeshasimama mara moja. Shemeji wenu aliinuka kunisalimia, maneno yanapuliza kwenye mapengo. Sikuitika.

Kimya amenisomea barua zenu zote. Ulimpa yule mdogo mtu sifuri, na wewe mwenyewe ukajipa sifuri, mnagawana kama peremende. Acheni. Mimi mwenye filamu yangu sijampa mtu alama. Nilipoulizwa huko kwa nini nilikaa naye, nilitaka kusema kwamba alikuwa ananichekesha. Nikaona aibu, nikasema sijui. Nakuambia wewe.

Jana mchana tulikuwa hapa kwa mama yako, yeye yuko sokoni, tukawasha televisheni. Ilikuwa filamu ya mwanamke mwenye shamba na mume mlevi. Mume alipompiga kofi, Kimya aliruka kuzima. Nikamwambia acha, nataka kuona kama ataamka. Na papo hapo umeme ukakatika. Mwanamke yuko chini, kioo cheusi, tch! Nikasema hii ni laana.

Kimya alikaa. Halafu, wewe hutaamini, akaanza. Akamwingiza yule mlevi, sauti nzito, mpaka kikohozi. Akamwingiza mbwa. Akamwingiza afisa kilimo aliyekuja kuangalia mmomonyoko wa udongo, na hapo nilijua anakutania wewe. Kisha akanigeukia akangoja. Sauti ya mwanamke ilikuwa imebaki.

Sikuwa nimeingiza sauti tangu siku ile. Nilianza kwa kulia, maana filamu ilikuwa imefika hapo. Nililia kama zamani, kwa nguvu zote, mpaka sufuria zikaitika jikoni. Halafu nikamwinua. Nikamfanya aseme, "Lete ufunguo wangu."

Mlango ukagongwa. Jirani wa mama yako, mama mtu mzima, mikono ina povu la sabuni hadi viwikoni.

"Nimesikia mtu analia."

"Samahani, mama. Ni filamu tu."

Akaitazama televisheni. "Umeme umekatika tangu saa nane, binti yangu. Filamu gani?"

Nikajieleza, Kimya naye akajieleza, tukacheka, tukamwapia. Alitusikiliza hadi mwisho, akasema ameelewa. Akavua ndala, akaingia hata hivyo, akaenda kuangalia chumba kimoja kimoja, povu linadondoka sakafuni.

Dada yako